Bauza langoni, mafuriko ghalani: kisa cha ua mmoja wa Viwandani

Ijumaa ya Aprili 26, 2024, meneja wa kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa huko Viwandani, Nairobi, alitia sahihi hati mbili za malipo. Moja ilikuwa ya vibarua na pampu ya kukodi, siku mbili za kutoa maji ndani ya godauni. Nyingine ilikuwa ya bauza mbili za maji, lita 10,000 kila moja, kwa kuwa mifereji ilikuwa mikavu tangu Jumatatu. Ya kwanza iliwekwa kwenye faili la dharura. Ya pili iliingia pamoja na stima, simu na sukari ya chai.

Niliitwa majuma mawili baadaye, na kazi niliyopewa ilihusu hati ya kwanza peke yake. Mto umetuingilia, niliambiwa. Tunataka kizingiti cha mlango kiinuliwe, ukuta wa nyuma uongezwe kozi tatu za mawe, na utuchagulie pampu kubwa. Bei ya mawe walikuwa wameshaulizia.

Si ajabu mto ulishukiwa. Usiku wa kuamkia Aprili 24 Nairobi iliona cha mtema kuni. Mathare watu walikesha juu ya mapaa, na Mukuru maji yaliingia nyumba kwa nyumba kandokando ya Mto Ngong. Ua huu uko hatua kama mia mbili kutoka mto huohuo. Mtu yeyote angesema ni mto.

Askari wa geti ndiye aliyekataa. Ni mzee wa makamo, na kibanda chake kinatazama ua wote. Nilimuuliza maji yaliingia saa ngapi. "Saa nane usiku yalikuwa yameshafika kwenye mlango wa kupakulia," akasema. "Mto ulipanda alfajiri, injinia. Ulitukuta tumeshalowa."

Tukazunguka naye. Upande wa nje wa ukuta wa nyuma, mto ulikuwa umeacha mstari wa matope na karatasi za plastiki kwenye nyasi, na mstari ule haukugusa hata jiwe la kwanza la msingi. Upande wa ndani kulikuwa na mstari mwingine, mweusi, unaong'aa kidogo ukiutazama kwa pembeni: dizeli na oili ya malori iliyoelea juu ya maji ikabaki ukutani maji yalipoondoka. Maji ya mtoni hayakuleta oili ile. Ilikuwa ya ua wenyewe.

Nilichukua ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi wa ujenzi hutumia kutafuta usawa, na tukapima kutoka geti hadi mlango wa kupakulia. Zege la ua lilikuwa limemwagwa mwaka wa 2021, juu ya ardhi ambayo zamani ilikuwa maramu tupu. Fundi alilifanya laini kama meza, lakini alililaza kuelekea mlangoni: sentimita 12 chini kwa mwendo wa mita 20. Mvua ikinyesha, ua mzima unamimina kwenye mlango ambao mle ndani kuna unga na sabuni. Maji yaliyoingia hayakuzidi kina cha vidole vinne, lakini safu ya mbele ilikuwa imepangwa sakafuni bila paleti, na unga haungoji maji yafike magotini ndipo uharibike.

Hapo ndipo nilipotaka kujua ni maji kiasi gani hasa. Paa la godauni ni mita za mraba 2,400 na ua ni 1,800. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu ambayo mtoto wa shule anaiweza na ambayo nimeona wakurugenzi wakiikodolea macho. Nilichukua mvua nzito ya milimita 60 kwa saa kama kipimo cha kusanifia, nikaondoa sehemu ya kumi kwa yanayorukia pembeni na kulowesha tu. Zilibaki mita za ujazo 227 kwa saa, yaani lita 63 kila sekunde.

Na njia ya kutokea? Bomba moja la inchi tisa kwenye kona ya chini. Kwa mteremko wake, likiwa safi, lingebeba lita 32 hivi kwa sekunde, nusu ya kinachohitajika. Halikuwa safi. Tulipofunua tulikuta limezibwa na ile plastiki nyembamba inayozungushiwa mizigo kwenye paleti, imejisokota na majani na matope hadi ikawa kama kamba ya meli. Vibarua wawili waliivuta. Ilitoka mita nne nzima.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja kwa aibu. Mvua ikizidi, vyoo vya wafanyakazi vilikuwa vinarudisha. Fundi wa zamani aliona mabomba mawili ya gata yanamsumbua, akayaingiza kwenye shimo la maji taka. Hilo haliruhusiwi, na sababu yake ni rahisi: bomba la maji taka limepimwa kwa ajili ya vyoo na masinki, si kwa paa. Likijaa linatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni choo cha chini kabisa.

Basi mto ukaachiwa huru. Kikulacho ki nguoni mwako, meneja akasema, akacheka bila furaha.

Lile faili la pili

Sikuwa nimeulizwa habari za bauza, lakini ilikuwa vigumu kutouliza. Zaidi ya nusu ya zile mita 227 zilikuwa zimetoka kwenye paa, maji masafi kiasi, yakianguka kwa mabomba sita ya gata, na sehemu kubwa yake ikichanganyika na oili uani. Kwa saa moja ya mvua ile, paa peke yake lingetoa kama mita za ujazo 130. Mwezi huo wa Aprili kampuni ilikuwa imenunua bauza 11, mita za ujazo 110. Niliandika namba hizo mbili kwenye karatasi moja na kumwachia meneja. Alizitazama kwa muda, kisha akauliza swali zuri: mvua inanyesha hivi, mbona mfereji hautoi maji?

Kwa sababu mvua ya Viwandani haiongezi hata tone kwenye mfereji wa Viwandani. Maji ya Nairobi yanatoka mbali: bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, ndilo linalobeba mzigo mkubwa, likisaidiwa na Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Hata bwawa likijaa hadi kufurika, kuna mtambo wa kusafisha wenye kikomo, mabomba yenye kikomo, na jiji ambalo mahitaji yake yameyapita hayo yote. Ndiyo maana kuna ratiba ya mgao, mtaa kwa mtaa, mwaka wa kiangazi na mwaka wa mafuriko.

Nikaomba nipime matumizi kabla ya kuzungumzia matangi. Tulifunga mita kwenye bomba linalotoka tangi kuu. Jumamosi saa moja usiku, wafanyakazi wote wakiwa wameondoka, askari aliisoma na kunitumia picha. Jumapili saa kumi na moja alfajiri akaisoma tena. Lita 700 zilikuwa zimepita usiku huo, na hakuna mtu aliyekunywa hata kikombe.

Lita 70 kwa saa zinapotea usiku na mchana. Kwa mwezi ni mita za ujazo 50, yaani bauza tano kati ya zile 11. Tuliwakuta wezi bila shida: boya za vyoo vitatu zilikuwa zimelegea na maji yakitiririka ndani ya bakuli kimyakimya, na bomba moja lililofukiwa kuelekea sehemu ya kuoshea malori lilikuwa limepasuka kwenye kiungo. Kwa choo kinachovuja kuna mbinu ya zamani: weka rangi kidogo ya chakula kwenye tangi lake, usiguse chochote kwa dakika kumi, halafu chungulia bakuli. Ikishuka rangi, umempata.

Kisha malori. Kumi na mawili kwa siku. Nilimwomba kijana anayeosha anipe mpira wake, nikautia kwenye ndoo ya lita 20 nikiwa na saa ya simu. Ndoo ilijaa kwa sekunde 40. Lita 30 kwa dakika. Akiosha lori moja mpira unabaki wazi kama dakika 12, pamoja na muda anapopaka sabuni huku maji yakikimbia chini ya matairi. Lita 360 kwa lori. Tulimfungia bunduki ya maji, ile inayojifunga ukiachia kidole, na akaanza kwa kukwangua matope kwa brashi kavu. Alinung'unika siku mbili. Wastani ukashuka hadi lita 170 hivi.

Ukijumlisha yote, ua ulikuwa ukila lita 9,000 kwa siku: malori 4,320, mivujo karibu 1,700, vyoo na kunawa kwa watu 60 kama 2,000, na kinachobaki ni jikoni na kupiga deki. Baada ya boya, kiungo na bunduki, tulikuwa tunakaribia 5,000. Vifaa hivyo vyote pamoja na fundi havikufika bei ya bauza tatu. Mfereji, na mgao wake wote, ulikuwa tayari unaleta takriban kiasi hicho kwa siku, ukipiga wastani wa mwezi. Kwa maneno mengine, bauza ziliacha kuhitajika kabla hata ya tangi moja la mvua kununuliwa, na hili nalisema ingawa mimi ndiye ninayelipwa kuchora matangi.

Tangi haliwezi kushiba na kuwa na njaa

Hata hivyo maji ya paa yalikuwa bado yanahitaji pa kwenda, la sivyo yangerudi mlangoni masika yanayofuata. Na hapa mkurugenzi wa kampuni alikuwa na hakika kabisa: weka matangi, mafuriko yaishe, maji tupate, tumeua ndege wawili kwa jiwe moja.

Ndege hao hawatui mti mmoja. Tangi la kuhifadhi unalitaka lijae na libaki limejaa. Tangi la kuzuia mafuriko unalitaka liwe tupu mvua inapoanza. Kwa paa lile, mvua isiyofika milimita 30 hujaza lita 60,000. Aprili mvua kama hiyo inaweza kuja Jumatatu, na nyingine Jumanne. Ya Jumanne ikikuta matangi yamejaa, yote inamwagika uani kama vile matangi hayapo. Nimeona majengo mapya ya fahari Westlands yenye tangi kubwa chini ya maegesho, limejaa pomoni tangu wiki ya kwanza ya mvua, na maegesho yamefurika vilevile.

Tukafanya hivi. Matangi sita ya plastiki ya lita 10,000 yalipangwa juu ya jukwaa la zege kando ya ukuta, kila moja chini ya bomba lake la gata. Theluthi ya juu ya kila tangi ilitobolewa na kufungwa bomba la nusu inchi lenye vali, linalochuruza polepole kwenda mtaroni. Mvua ikijaza tangi usiku, kufikia asubuhi ile theluthi imeshuka na kungoja mvua nyingine, huku theluthi mbili za chini zikibaki za kutumia. Juni mvua zikiisha vali zinafungwa, ili tangi lote liwe la akiba. Machi zinafunguliwa. Askari ana kipande cha ubao kibandani chenye miezi hiyo miwili.

Kwa nini tusichimbe shimo la kunyonya maji kama wafanyavyo Karen? Kwa sababu Karen na Kikuyu wana udongo mwekundu unaokunywa. Viwandani, South B hadi Embakasi ni ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi hadi mkono ukaingia, na ukilowa unavimba na kujifunga. Nilichimba shimo la futi mbili nyuma ya ghala nikamwaga maji jioni. Asubuhi yalikuwapo, na chura alikuwa ameshahamia. Kulazimisha maji ndani ya udongo ule karibu na msingi ni kuinunulia kuta nyufa.

Bomba kubwa zaidi la kutokea lilikuwa wazo la pili la mkurugenzi, na hapo tulibishana kweli. Ukilifanya la inchi 15, maji yako yanakimbia haraka, sawa. Yanakimbilia wapi? Mtaro ule unashuka moja kwa moja hadi Mukuru, kwa watu ambao nyumba zao zilikuwa zimetoka kuingiliwa na maji. Nilikataa kuchora. Badala yake tuliacha bomba la inchi tisa, tukalisafisha, na kuyafanya maji ya ziada yangoje zamu yake. Lita 63 zinaingia, 32 zinatoka: kwa saa moja zinabaki mita za ujazo 110 hivi. Ile theluthi ya matangi inachukua 20. Kwa 90 zilizobaki tulichukua sehemu ya maegesho ya malori, mita za mraba 600 mbali na mlango, tukaizungushia ukingo wa zege wa sentimita 15. Mvua kubwa ikija, malori yanasimama ndani ya dimbwi la kifundo cha mguu kwa saa moja au mbili, halafu dimbwi linakwisha. Lori halina neno na maji ya kifundo cha mguu. Unga unalo.

Mlangoni tulikata mtaro mwembamba wenye wavu wa chuma, na zege la mita sita za mwisho likamwagwa upya likielekea upande wa pili. Kabla ya bomba la kutokea tulijenga mtego wa matope na wa mafuta, vyumba vitatu ambamo mchanga unazama na oili inaelea na kubaki. Maji ya ua ule yanaishia mtoni, na kanuni za ubora wa maji hazimruhusu mtu kumwaga dizeli mtoni kwa kisingizio kwamba ilipelekwa na mvua. Yale mabomba mawili ya gata yalitolewa kwenye maji taka. Vyoo vikatulia.

Mengine yalikuwa madogo. Paa la Viwandani baada ya miezi ya Juni hadi Septemba lina masizi, vumbi na kinyesi cha njiwa, hivyo kila bomba la gata lina kipande cha kunasa maji ya mwanzo, lita 200, nusu milimita ya mvua kwa sehemu yake ya paa. Usipokimwaga baada ya mvua, hakina maana. Ukiwa na paa la zamani la asbesto, usianze lolote kati ya haya bila ushauri. Maji ya paa yana mabomba yake pekee, hayagusani popote na ya mfereji, na mifereji yake ilipakwa rangi ya kijani: vyoo, malori na deki. Wiki ya kwanza mpishi alionekana akijaza birika la chai kwenye mfereji wa kijani, kwa sababu ulikuwa karibu zaidi na jiko. Tuliung'oa mkono wa mfereji ule, na sasa unafunguliwa kwa kifunguo alicho nacho mwosha malori.

Mkurugenzi alirudi na swali la kisima cha kuchimbwa kwa mtambo, kama wengi wafanyavyo. Nilimwambia aanze kwa kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kisha apime floraidi. Visima vingi vya Nairobi vinazidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto katika baadhi ya mitaa ni ushahidi tosha. Kwa kuosha malori kingefaa. Lakini malori yalikuwa tayari na maji ya paa.

Kazi ilimalizika Septemba 2024. Vuli ilipokuja, dimbwi la maegesho lilijaa mara tatu na mlango ukabaki mkavu. Mara moja, Novemba, lilikawia kutoka hadi saa nne asubuhi, kwa sababu wavu wa mtego ulikuwa umezibwa na plastiki ileile ya paleti. Pipa la plastiki hiyo sasa limewekwa mlangoni kabisa, ingawa bado nikipita naikuta chini. Kutoka Oktoba hadi Februari bauza moja tu ilikuja, kwa ajili ya jikoni, bomba kuu la mtaani lilipopasuka. Februari usomaji wa usiku uliruka kutoka karibu sufuri hadi lita 300: boya tena, choo cha pili kutoka mlangoni. Lisingejulikana kama askari hangekuwa bado anasoma mita kila Jumamosi, kazi ambayo haimo kwenye mkataba wake na ambayo nimeomba mara mbili ailipwe.

Wiki iliyopita alinitumia picha. Jirani wa upande wa juu anamwaga zege kwenye ua wake, na fundi ameacha matundu matatu chini ya ukuta wa mpakani. Meneja anataka kuyaziba kwa simiti usiku huohuo. Nimemwomba angoje hadi Alhamisi, nipeleke ule mpira wa kupimia upande wa pili wa ukuta, tujue kwanza ni lita ngapi.